Nimeliendesha Gari la Mvuke, na Linauzwa!

Limeondoka kimya. Nilikuwa nimeushika usukani kwa nguvu, nangoja mtetemo, nangoja klachi inirushe mbele, kumbe ukuta wa jirani ulikuwa umeshaanza kupita ubavuni. Giya haikuingia, kwa sababu giya hakuna. Kulikuwa na pumzi tu: chufu, chufu, chufu, kisha pumzi zikakaribiana zikawa mnong'ono mmoja, na gari la kilo 780, lililoundwa na mzee mmoja nyuma ya nyumba yake, likapanda kilima kama limeitwa huko juu.

Nimerudi nyumbani saa mbili zilizopita. Mikono bado inanuka mafuta ya taa na oili iliyopata moto, na sitaki kuiosha kabla sijayaandika haya.

Tangazo lenyewe lilikuwa la mistari miwili, kwenye jarida dogo la wapenzi wa mitambo ya mvuke: gari la mvuke, la kuundwa nyumbani, linatembea, pauni 9,500, kijijini kaskazini mwa Manchester. Nililisoma mara tatu. Magari ya mvuke yanayouzwa hapa Uingereza mengi ni ya kiwandani, yenye miaka zaidi ya mia, na bei zake si za mtu anayelipa kodi ya nyumba kila mwezi. La kuundwa nyumbani ni nadra. Linalotembea ni nadra zaidi.

Nami ni mtoto wa Voi. Babu yangu alikuwa mchochea moto kwenye vichwa vya treni vya daraja la 59, yale majitu ya Garratt ya tani 252, yaliyopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki na kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Yote 34 yalitengenezwa na Beyer, Peacock kule Gorton, Manchester, katikati ya miaka ya 1950. Moja lao, Mount Gelai, lipo hadi leo kwenye makumbusho ya reli ya Nairobi, na mtu anayepita Nairobi bila kwenda kuligusa gurudumu amejinyima. Mjomba wangu naye alimalizia kazi yake kwenye shedi za reli. Ndiye niliyempigia simu kabla ya kuondoka.

"Shikamoo, mjomba. Naenda kutazama gari la mvuke."

"Marahaba. La reli?"

"La barabarani. Mtu kaliunda mwenyewe."

Akanyamaza kidogo. "Sikiliza, mjomba. Rangi isikushughulishe. Muombe afungue vali ya chini ya boila, maji yatoke, uyatazame. Yakitoka mekundu, rudi kwako."

Basi nilikwenda na agizo hilo.

Umbo lake nitalipita haraka. Ni gari la viti viwili, bodi ya mbao na bati la alumini, rangi ya kijani kibichi iliyopakwa kwa brashi na mtu mwenye subira. Fremu ni ya mabomba ya chuma ya pembe nne, ameyachomelea mwenyewe, na mishono ya kuchomelea imelala sawasawa kama ushoni wa kanzu. Ekseli ya nyuma, breki na magurudumu vimetoka kwenye Morris Minor. Viti havina raha. Milango inafunga vizuri. Yatosha.

Boneti ikafunguliwa.

Boila ni bomba moja. Moja tu! Bomba la chuma lisilo na mshono, nene kama kidole gumba, lenye urefu wa mita 70, limezungushwa duara juu ya duara kama amari iliyokunjwa kwenye sitaha ya jahazi. Maji baridi yanasukumwa na pampu yanaingia juu, yanashuka kuelekea motoni yakizidi kupata joto, na upande wa pili hayatoki tena maji, unatoka mvuke mkavu. Kwa wakati mmoja ndani yake hamkai hata lita sita. Hili ndilo jambo la kwanza nililotaka kulijua, na ndilo lililonituliza moyo, maana hatari ya boila haimo kwenye chuma, imo kwenye wingi wa maji yaliyopashwa moto na kubanwa. Ndugu mapacha Stanley wa Marekani, Francis na Freelan, walitumia njia nyingine: pipa la chuma lenye mamia ya mirija ya moto ndani, wakalizungushia waya wa piano tabaka juu ya tabaka ili lihimili presha. Pipa lile ni akiba kubwa ya nguvu ukifika kilimani, lakini kulipasha kutoka baridi kunachukua dakika 20 au zaidi. Bomba la mkunjo lina akiba ndogo na haraka kubwa. Mzee hafichi alikojifunza: ukutani pa gereji ametundika mchoro wa boila ya Abner Doble, yule mhandisi wa California ambaye katika miaka ya 1920 alitengeneza magari ya mvuke ya kuwashwa kwa swichi.

Na jiko lake, jamani, jiko lake ndilo lililonimaliza kabisa. Ni karabai! Msomaji aliyelelewa kusikokuwa na umeme anaijua kazi hii hata akifumba macho: unamimina spiriti kwenye kikombe, unaiwasha, unangoja mrija upate moto, unapiga pampu, unafungua mafuta kidogo kidogo, na mafuta ya taa yanageuka hewa kabla hayajafika tunduni. Babu alikuwa na karabai ya arusi na matanga, na kazi ya kupiga pampu ilikuwa yangu. Sasa chukua karabai ile, uipanue mpaka ifikie sinia la pilau, uitie ndani ya pipa la chuma cha pua chini ya mita 70 za bomba.

Mzee alipiga pampu mara 30, nilihesabu. Akawasha spiriti, akainama kwenye kioo kidogo cha mviringo kilicho ubavuni mwa jiko. Mwanga wa manjano. Akangoja. Manjano yenye bluu pembeni. Akangoja tena, kidole kikiwa juu ya vali, hakigeuki. Kisha ukatoka mvumo mzito wa chini, kama kaskazi inayosukuma mlango, na kioo kizima kikawa bluu. Nilibonyeza saa ya simu. Dakika 4 na sekunde 40 baadaye sindano ya geji ilisimama kwenye bar 35. Tairi la gari dogo hujazwa bar 2 na ushei. Kwa presha hiyo maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 240, na bado mkono wangu, nusu mita kutoka kwenye blanketi la kuzuia joto, haukuhisi zaidi ya joto la kikombe cha chai. Presha ilipofika, vali ikajifunga yenyewe na mvumo ukakatika. Ghafla tukasikia ndege.

Hapo nikakumbuka agizo. Nikaomba vali ya chini ifunguliwe. Mzee hakushangaa, alionekana kufurahi kuulizwa. Akaleta ndoo, akafungua, zikatoka kelele na wingu, na maji yakatulia ndoani. Hayakuwa mekundu. Nilipiga picha nikaituma Voi papo hapo.

Lakini nilitia na kidole kwenye tanki la maji, nikayasugua maji kwa kidole gumba. Yanateleza. Hili ni la kuangaliwa. Injini ya mvuke hulainishwa kwa oili nzito inayotiwa ndani ya mvuke wenyewe, na mvuke ukishafanya kazi hupita kwenye rejeta ya mbele, ukapoa, ukarudi tankini kuwa maji tena. Oili isipochujwa njiani inarudi nao, inaingia kwenye boila na kuganda ndani ya bomba kama ukoko wa chungu. Chuma kilichofunikwa na ukoko hakipozwi na maji, kinaungua. Mzee ameweka chujio, nimeliona, ni dogo kama kopo la maziwa. Atakayelinunua gari hili aweke chujio kubwa mara tatu ya hilo kabla ya safari yoyote ndefu. Si kazi ngumu, ila si ya kuahirishwa.

Rejeta yenyewe ni ya lori, na bila hiyo gari lingekunywa maji kama ngamia aliyefika kisimani. Stanley za mwanzo zilipuliza mvuke wote hewani, zikawa zinamaliza takriban galoni moja ya maji kwa kila maili, na madereva wake walijaza kwenye mabirika ya kunyweshea farasi kando ya barabara. Mwaka 1914 ugonjwa wa miguu na midomo ulisababisha mabirika mengi kufungwa, na mwaka uliofuata magari ya Stanley yakaanza kutoka kiwandani na rejeta. Hili la mzee lina tanki la lita 90, naye anasema linamfikisha kilomita 60. Safari yetu ilikuwa ya kilomita 9, kwa hiyo hilo nalichukua kwa neno lake.

Injini imelala chini ya sakafu, mbele ya ekseli. Aliliinua gari kwa jeki, akaninyoshea mkeka, nikalala chali. Silinda mbili. Ukisikia silinda mbili utadhani ni ya pikipiki, subiri kidogo. Kila pistoni inasukumwa na mvuke kwenda na kurudi, kwa hiyo kila mzunguko mmoja wa injini una misukumo minne, sawa kabisa na injini ya petroli ya silinda nane. Na msukumo huo upo wote tangu gurudumu likiwa limesimama. Petroli lazima izunguke kwanza ndipo ipate nguvu, ndiyo maana inahitaji klachi na giya. Mvuke unasukuma kitu kilichosimama kwa nguvu zake zote.

Mzee alifungua mvuke kwa unywele, na fimbo mbili za chuma zilizong'aa kama vijiko vipya zikaanza kwenda na kurudi juu ya uso wangu, polepole, bila haraka yoyote, na juu yake vile vikono vya kuongoza vali vikipanda na kushuka kwa mtindo wa Stephenson, uleule uliokuwa ukitumika kwenye vichwa vya treni. Alizikereza silinda mwenyewe. Alikereza pistoni, alikereza nati zake, alikereza hata kifuniko cha kopo la oili. Kazi yake ya maisha ilikuwa ukerezaji kiwandani, na gari hili limemchukua miaka 11 ya jioni na Jumamosi. Niliweka kidole kwenye maungio ya bomba la mvuke moja baada ya jingine, nikihesabu yaliyo mabichi. Kati ya maungio 22 niliyoyafikia, mawili tu yalikuwa na unyevu, yote mawili kwenye pampu ya maji. Ufungio wa pampu umechoka. Ni kazi ya jioni moja.

Kisha nikaendesha.

Mkono mmoja mdogo chini ya usukani unafungua mvuke. Mkono wa pili, sakafuni, unaamua mbele au nyuma, na pia unaamua mvuke uingie kwenye silinda kwa muda gani. Ukiondoka, unauacha uingie karibu safari nzima ya pistoni. Ukishashika mwendo unaukatiza mapema, mvuke uliomo ndani unatanuka wenyewe na kumalizia kazi. Mzee aliniambia nivute mkono wa sakafuni nyuma tundu mbili, na nilipovuta gari halikupungua mwendo hata kidogo, pumzi tu ndiyo ilikuwa nyepesi. Yaani unapunguza chakula na mfanyakazi anafanya kazi ileile! Nilivuta na kurudisha mara nne, kwa furaha ya kusikia sauti ikibadilika.

Kilima cha kijiji hicho ni kikali, magari ya kawaida hukipanda kwa giya ya pili. Tulisimama katikati yake makusudi. Kimya. Hakuna injini inayosubiri, hakuna kitu kinachotetemeka, mtu na kilima tu. Nikafungua mvuke, likaondoka palepale bila kurudi nyuma hata inchi. Ndipo nilipoelewa kwa mwili wangu jinsi Freelan Stanley na mkewe Flora walivyoweza kupanda Mlima Washington huko New Hampshire mwezi Agosti mwaka 1899, gari la kwanza kabisa kufika kileleni pale. Na gari lile nalo lilianza kama la kuundwa nyumbani: ndugu wale walikuwa watengenezaji wa vioo vya kupigia picha, wakaunda gari kwa kupenda kwao, na kabla ya mwaka huo kwisha walikuwa wameuza usanifu wake kwa dola 250,000. Miaka saba baadaye, kwenye ufuko wa Ormond huko Florida, gari lao lilikimbia kilomita 205 kwa saa, na rekodi hiyo ya mvuke haikuvunjwa rasmi mpaka Agosti 2009, na Waingereza.

Sisi tulifika 65. Kwa barabara ile ya kijiji, na kwa breki zile, zilitosha.

Breki, naam. Mwaka 1867, fundi saa wa Stanstead, Quebec, aliyeitwa Henry Seth Taylor, alilionyesha gari la mvuke aliloliunda mwenyewe, la kwanza nchini Kanada. Lilikuwa na kila kitu isipokuwa breki. Likamshinda kwenye mteremko, likavunjika, akalitupa ghalani. Leo limekarabatiwa na lipo makumbusho ya Ottawa, safari hii likiwa na breki. Nimemtaja kwa sababu gari la mvuke ukilifungia mvuke injini yake haikusaidii kulizuia kama ile ya petroli, linateleza tu kwa uzito wake. Mzigo wote uko kwenye breki. Za hili zinashika, lakini zinavuta kushoto, na mara mbili nililazimika kuurekebisha usukani. Mzee anasema ni kurekebisha tu. Nami nasema zifunguliwe kwenye magurudumu yote manne, zitazamwe.

Tuliporudi nilimpigia mjomba tena, simu ya video. Nikamwonyesha geji. Nikamwonyesha moto wa bluu kupitia kioo. Akauliza maswali matatu ya pampu ambayo mimi nisingeyafikiria, mzee akayajibu yote nikitafsiri huku na huku, na wazee hao wawili wakaanza kuelekezana kwa mikono, wa Voi na wa Lancashire, hawanihitaji tena. Halafu mzee akauvuta mnyororo wa filimbi. Ni filimbi ya shaba yenye sauti tatu ndani yake. Njiwa wote waliokuwa paani waliruka. Kwenye simu, mjomba alikuwa ameshaweka mkono kichwani. "Rudia," akasema. Mzee akarudia.

Sasa karatasi, kwa kuwa hapa ndipo ununuzi unaposimama au kuanguka. Mzee ana madaftari manne: kila bomba alilonunua na aina ya chuma chake, kila mshono, kila tarehe aliyowasha moto. Sijawahi kuona gari la kiwandani lenye historia safi kama hii. Lakini kipimo cha mwisho cha boila kwa maji baridi, kile cha kuijaza na kuibana mara moja na nusu ya presha ya kazi huku mkaguzi akitazama, kina zaidi ya miaka miwili. Kampuni ya bima itataka kipya, na hata isipotaka, nakitaka mimi. Nilimwambia hivyo wazi. Alikubali bila ubishi kwamba mkaguzi aitwe kabla ya pesa kubadilisha mikono, gharama nusu kwa nusu. Vali ya usalama ni moja, niliishuhudia ikifunguka kwenye bar 38. Ningeongeza ya pili.

Watu wataniuliza kama si heri kusubiri la kiwandani. Mwaka 2011 gari la mvuke la De Dion la mwaka 1884, lile linaloitwa La Marquise, liliuzwa Pennsylvania kwa dola milioni 4.6. Hili la kijijini ni pauni 9,500, linawaka kwa dakika tano, aliyeliunda yupo hai, na anasema mnunuzi atakaa naye wiki mbili bure mpaka ajifunze kulitunza. Wiki mbili hizo peke yake zina thamani ya nusu ya bei.

Hesabu yangu ni hii: chujio la oili, ufungio wa pampu, vali ya pili ya usalama, breki kufunguliwa, kipimo cha boila. Kipimo kikipita, linunuliwe kwa bei anayoitaka, bila kupunguziwa hata senti. Kipimo kisipopita, lisiguswe. Mkaguzi anakuja Alhamisi saa nne asubuhi, na mimi nimekwishaomba ruhusa kazini.